Vikopo Ulivyotuma na Kichuguu cha Mama

Mikelenge, Kindu,
2 Machi 2024.

Mpendwa mdogo wangu Jules,

Pokea salamu zangu nyingi, na kabla sijakwambia lolote, niambie kwanza mnaendeleaje huko Johannesburg. Wifi yangu Chérie amepona kile kifua kilichokuwa kinamsumbua? Na mtoto, ameanza kutambaa, au bado anakaa tu kama shefu wa mtaa anayesubiri kuletewa kiti? Nijibu yote kwa mpangilio, maana Mama ataniuliza moja moja, na nikisema sijui atadhani namficha.

Sisi hapa hatujambo. Mama anatembea, anakula, anagomba, basi ujue ni mzima. Goti lake la kushoto linamuuma wakati wa mvua lakini fimbo ameikataa, anasema fimbo ni ya wazee. Mimi naendelea na cherehani yangu na batiki zangu. Kazi ipo, na macho yangu bado yanaliona tundu la sindano bila kuomba msaada.

Nimeamua kukuandikia kwa sababu simu zetu unazijua mwenyewe. Nikianza kueleza jambo la maana mtandao unakatika, na ukirudi unaniuliza nilikuwa nasema nini, nami nimeshasahau. Tena jambo hili si la kusemwa harakaharaka. Ni habari ya vile vikopo vya kutegea mchwa ulivyotutumia kutoka kazini kwenu, ambayo kwenye simu nilikupa nusu tu. Dieumerci, mtoto wa dada yake Kambale, anasafiri wiki hii kuja huko, ndiye atakayekutia barua hii mkononi. Mpe chakula, ni mwembamba sana.

Nianze na siku mzigo ulipofika. Kambale unamkumbuka, yule Munande mwenye duka la mabati na misumari karibu na soko. Ndiye aliyekwenda kuuchukua uwanja wa ndege. Alinisimulia kuwa mtu wa ushuru alikitoa kikopo kimoja, akakigeuza juu chini, akauliza kama ni bilauri za harusi. Kambale, ambaye sijawahi kumwona amekosa jibu, akamwambia ni nyumba za mchwa. Wakacheka wote wawili na mzigo ukapita.

Mimi mwenyewe nilivyoviona sikuwa na akili kumzidi yule wa ushuru. Plastiki ya kijani, matundu ubavuni, kifuniko kinachofungwa na ufunguo wake, na ndani yake vijiti vya mbao. Nikajiuliza, huyu Jules anadhani Kindu tumeishiwa vijiti? Ile dawa yenyewe, yaani chambo, uliifunga pembeni, ukaandika kwa herufi kubwa kwamba tusiiguse mpaka utuambie. Nikaiweka juu ya kabati langu, na kila nilipopita nilikuwa naiangalia.

Hali ya nyumba ulikuwa unaijua. Boriti inayobeba bati upande wa chumba cha Mama, ukiigonga, ilikuwa inalia kama debe tupu. Fremu ya mlango wake ungeweza kuisukuma kwa kidole kikaingia. Fundi Michel alikuja akapanda ngazi, akashuka, akaniita nje na kuniambia kwamba upepo mmoja mkubwa tu ungelaza bati lote juu ya kitanda cha Mama. Nilimwomba Mama ahamie chumba changu. Alikataa. Chumba kile ndicho marehemu Baba alichokijenga cha kwanza, tofali kwa tofali, kila jioni akitoka kazini kwenye reli, na Mama aliingia humo akiwa bibi harusi. Anasema hatoki humo akiwa anatembea.

Basi nikavizika vikopo kuizunguka nyumba yote kama ulivyonielekeza, kila kimoja kifuniko kikichungulia usawa wa udongo. Nikasubiri. Nikafungua, hakuna kitu. Nikasubiri tena, hakuna kitu, na ndani ya nyumba ukuta mzima umejaa njia zao za udongo. Unakumbuka ulivyonicheka kwenye simu nilipokwambia kuwa mwezi mmoja kabla ya hapo tulikuwa tumeumwagia msingi wote mafuta machafu ya lori la Kambale. Ukaniuliza ni nani anayemwaga mafuta mlangoni halafu anashangaa wageni hawaingii. Lakini Jules, hapa kwetu kila mtu anamwaga mafuta hayo, na wote tunajisifu kwamba yanasaidia. Nilikuwa sijafikiria kwamba mchwa anayakimbia pale chini na kupita pengine tu. Nikavichimbua vikopo na kuvisogeza mbele kidogo, kwenye udongo safi, na hapo wakaja.

Sijui kama wewe uliyezoea bado unaona maajabu yake. Mimi nilikuwa nafungua kifuniko asubuhi kabla sijapiga mswaki. Nachutama pale na kuwatazama wanavyokikata kile kijiti, mmoja anashika, mwingine anapokea, hakuna anayegombana na mwenzake, wala hakuna anayesimama kupumzika. Mama akawa ananiita fundi wa mchwa. Siku moja niliunguza uji kwa ajili yao.

Hapo ndipo majirani nao walipoanza kuangalia. Fikiria mwenyewe: mwanamke asiye na mume, anachimba vishimo kuzunguka nyumba ya mama yake, anafukia vitu, na kila asubuhi anainama kuvifungulia. Wewe ungesema nini? Habari ikaenea kwamba Pélagie amezindika parseli yao, nyumba na uwanja, kwa dawa iliyotoka Afrika Kusini, na kwamba mwizi akikanyaga hapo miguu itaganda. Nakubali kwamba wiki ile hakuna kuku wetu aliyeibiwa.

Papa Ferdinand, shefu wa avenue yetu, akaja rasmi, amevaa koti. Alikaa, akaulizia afya ya Mama, akaulizia habari zako, halafu akaniambia taratibu kwamba watu wanasema. Nikamchukua nje. Alinitaka nifungue mimi kwanza, akasimama nyuma yangu. Nilipoinua kifuniko, akainama, akainama zaidi, mpaka miwani yake ikaanguka ndani ya kikopo. Akaona mbao, akaona mchwa wanakula, akauliza dawa iko wapi. Nikamwambia bado sijaweka, kwa sasa wanakula tu.

"Kumbe uko unawafuga?" akaniuliza.

Alirudi kesho yake, na keshokutwa, bila koti. Alikuwa anataka kujua nani anawaongoza. Nikamweleza kama ulivyonieleza wewe: kwamba chambo hakimuui yule anayekila pale pale, kwamba anakibeba tumboni mpaka nyumbani na kuwalisha wenzake mdomo kwa mdomo, watoto na malkia, na kwamba siku zao za kubadili ngozi zikifika, wanashindwa. Papa Ferdinand alitikisa kichwa muda mrefu. Akasema hata vitani hajaona ujanja wa namna hiyo.

Lakini Mama alikuwa amekaa mlangoni anachambua majani ya sombe, na maneno hayo alikuwa hajayasikia kabla. Aliacha majani. Akaniuliza kama malkia anajua anacholetewa. Nikamwambia nadhani hajui, anafungua mdomo tu kwa kuwa wanaomlisha ni watoto wake. Akachambua majani mawili matatu, akasema basi na yeye ataanza kumwonjesha paka kwanza maziwa ya unga anayotumiwa na Jules. Tukacheka. Baadaye, Papa Ferdinand alipoondoka, akaniuliza swali ambalo niliona wazi alikuwa amelishikilia: je, na wale wa kichuguu chake, nao watakula?

Unakijua kichuguu cha nyuma ya jiko. Ulikuwa unakipanda ukiwa mdogo na kujiita jenerali. Labda ulishawahi kujiuliza kwa nini kwenye parseli nyingine zote watu wamevisawazisha vichuguu vyao na kufyatulia udongo wake matofali, ila kwetu kimebaki. Sasa nikwambie, maana jambo hili hulijui. Mama hakutaka tukusimulie. Alisema mtoto aliyeugua bwaki, ule ugonjwa wa njaa, huchekwa na wenzake mpaka anakuwa baba wa watu.

Mwaka 2002 wewe ulikuwa hujatimiza miaka minne. Baba alikuwa ameshuka na treni kwenda Lubumbashi kabla vita havijaikata reli, na akabaki huko, hana namna ya kurudi wala ya kutuma neno. Ndani ya mji walikaa askari wa kundi moja, na msituni pande zote walikaa wapiganaji wa Mai-Mai. Aliyekwenda shambani kuchimba muhogo alikutana na hawa au na wale, na wote walimuuliza chakula hicho anampelekea nani. Wengine hawakurudi. Basi mji ukafungwa, watu wakala majani yaliyokuwa uani mwao, na majani nayo yakaisha. Chumvi tuliisahau ladha yake.

Wewe ukapata bwaki. Miguu ilivimba mpaka ukibonyezwa shimo la kidole linabaki, nywele zikawa nyekundu na laini kama ndevu za mahindi, halafu ukaacha kulia. Hilo la kuacha kulia ndilo lililomtisha Mama kuliko yote. Muuguzi alimwambia akupe mayai, samaki au maharage. Mama alimshukuru, tukatoka, na njia nzima akawa anacheka peke yake. Nilikuwa na miaka kumi na saba na sikujua nimshike mkono au nimwache. Sitaki kukisikia kicheko kile tena.

Tulipofika nyumbani alikwenda moja kwa moja nyuma ya jiko. Mvua zilikuwa hazijaanza, kumbikumbi walikuwa bado. Akachuma jani refu la nyasi, akalitelezesha ndani ya tundu la kichuguu, akangoja. Wale wenye vichwa vikubwa vyekundu, walinzi wao, wakaling'ata, naye akalivuta polepole wakiwa wananing'inia. Tulivua hivyo kila siku, mimi na yeye, vidole vyangu vikawa na alama za meno yao. Aliwachemsha, akawakausha, akawatwanga mpaka unga, akauchanganya na uji mwembamba na kukulisha kwa kidole chake, kwa sababu kijiko ulikuwa unakitema.

Mvua zilipokaribia, hakungoja zifike. Alikifunika kichuguu kwa majani ya ndizi na kukigonga juu kwa vijiti, polepole halafu harakaharaka, mpaka walio ndani wakadhani inanyesha, wakatoka. Halafu mvua zenyewe zikaja, na kumbikumbi wakawa wengi, na uyoga ukaota ubavuni mwa kichuguu, mkubwa kama sahani. Kabla ya Noeli uvimbe wako ulikuwa umeshuka. Siku moja nilikunyang'anya kijiko ulichokuwa unachezea, ukalia. Mama alikuja mbio kutoka nje, akakukumbatia, halafu akaniambia nikunyang'anye tena.

Hiyo ndiyo habari ya kichuguu. Baba aliporudi na treni ya kwanza baada ya vita, alitaka kukisawazisha ili apanue jiko. Mama alimwambia aanze kumsawazisha yeye. Baba hakuuliza mara ya pili.

Sasa fikiria nilivyojisikia nilipokupigia kukuuliza kama chambo kinaweza kuua kichuguu kizima, nawe ukanijibu kwa furaha kwamba hapo ndipo penye utamu wa kazi, habaki hata mmoja. Sikuwa na hasira na wewe. Ungejuaje? Lakini sikuweza kwenda kumwambia Mama maneno hayo. Nilimwambia kwanza tujue wanaokula nyumba ni akina nani. Yeye alikuwa na uhakika kwamba si wale wa kichuguu.

"Hawa ya kichuguu hawakulaka nyumba ya muntu," aliniambia. "Hao njo walilishaka mutoto yangu. Wenye kukula nyumba ni wengine."

Nami nilitaka sana iwe hivyo. Nilikuwa na hamu ya kujua, usiku nalala naiwaza, lakini chini ya hamu ile kulikuwa na woga. Unakumbuka nilikuuliza kijuujuu kama kuna njia ya kujua mchwa wa hapa wanatoka wapi, ukanisimulia kwamba huko kazini kwenu kuna mtu aliwahi kuwalisha karatasi yenye rangi? Hukujua kwa nini nimeuliza. Rangi ninayo mimi, ndugu yangu. Nilikata makatoni, nikayachovya kwenye bluu yangu ya batiki, nikayakausha, nikavitoa vile vijiti vyako na kuyapanga makatoni mahali pake. Mwanzoni waliyapuuza. Nikayalowesha kwa maji ya kuoshea muhogo, na hapo wakayashambulia kama watu waliofunga.

Siku ya kukifungua kichuguu nilitaka tuwe wawili tu, lakini siri haikai Mikelenge. Mama Mounira wa jirani alikuja na kiti chake. Papa Ferdinand alikuja. Kambale alifunga duka, jambo ambalo hafanyi hata akiumwa, kwa kuwa ghala lake nalo linaliwa na alitaka kuona. Mama alikaa mbele ya wote, mikono ameikunja kifuani, na uso wa mtu anayesubiri kuombwa radhi.

Nilikata ubavuni kwa panga, pembeni, nisiwaumize sana. Wakamiminika. Walinzi wakatangulia na vichwa vyao, sikuona kitu. Halafu wakaja wafanyakazi, wadogo, weupe, ngozi yao nyembamba unaona mpaka ndani, na matumbo yao yalikuwa ya bluu. Si wote. Lakini wengi, Jules, bluu ile ile ya kitenge nilichokuwa nimemshonea Mama Mounira, na mwenyewe alikuwa amekivaa.

Kambale alivua kofia yake, sijui kwa nini. Mama alijiinua kwa goti lake baya, akainama, akamchukua mmoja kwenye kiganja na kumleta karibu na macho.

"Njo wao," akakubali. Akamrudisha pale alipomtoa, akaingia ndani.

Hakula jioni ile. Nilikwenda kukaa naye kitandani, chini ya boriti ile ile. Nikamwambia tunaweza kukivunja chumba na kukijenga upya mbali na hapo, kwa zege. Akanijibu kwamba zege hilo halitakuwa na tofali hata moja la Baba. Nikamwambia basi tuviondoe vikopo, tumrudishie Jules. Akasema maneno haya, nayaandika kama alivyoyasema:

"Nyumba njo ya baba yenu. Kichuguu njo ya Jules. Sasa mi nichague nini?"

Nilitaka kukupigia wakati ule ule nikutupie mzigo, lakini alinikataza. Alisema ukiambiwa utachagua kwa haraka ili umfurahishe, na wewe ni mtoto.

Ikapita muda hatukuzungumza habari hiyo. Halafu asubuhi moja, akiwa anafagia, alisema chambo kitawekwa, lakini si kabla kumbikumbi hawajaruka. Nikadhani nimemwelewa: watoto wa avenue nzima wanakuja kuokota kwetu, na hatuwezi kuwaacha wale kitu kilichotoka kwenye kichuguu chenye dawa. Nikaona ni busara. Nilikuwa nimeelewa nusu.

Jioni waliyoruka, mvua ilikuwa imekatika na jua limejitokeza kidogo kabla ya kuzama. Unajua wanavyotoka, kama moshi. Mama Mounira alikuwa ameshaingia na beseni la maji, watoto nyuma yake na mifuko. Mama alisimama mbele ya kichuguu na kuinyoosha kanga yake kwa mikono miwili. Mama Mounira akamwambia dawa bado haijawekwa, hawa ni wazima, wanalika. Mama akamwambia anajua.

"Muwaache," akasema. "Mwaka huu waende."

Akanituma nizime taa ya jikoni na taa ya barazani, wasije wakavutwa na mwanga wakadondoka. Basi tukasimama pale watu wazima na watoto, mabeseni matupu mikononi, tukatazama chakula kinavyopaa juu ya paa na kuelekea upande wa mto. Mtoto mmoja wa Mama Mounira alilia. Mimi nilikuwa najiuliza, na bado najiuliza, ni wangapi kati yao wanapata udongo wa kuanzia kichuguu kipya. Uliniambia ni wachache sana. Sikumwambia Mama.

Siku iliyofuata aliniomba ufunguo wa vikopo. Nilitaka kuviweka mimi, akasema hapana. Alivaa mifuko ya plastiki mikononi kama ulivyoagiza, akapiga goti kwenye kila kikopo, hata kwa goti lile, nami nikawa nampitishia chambo. Kwenye kile kilicho karibu zaidi na kichuguu alikaa kidogo kabla ya kukifunga.

"Aksanti," akawaambia. "Mulinilindiaka mutoto. Sasa ninaomba nyumba ya bwana yangu."

Nilitazama pembeni, maana nilikuwa nalia na hapendi.

Nyumba sasa iko salama, nakuhakikishia. Fundi Michel alibadilisha boriti mwezi wa kwanza, akaweka na fremu mpya ya mlango, na njia za udongo ukutani zimekauka, ukizigusa zinapukutika. Kambale anataka vikopo kama vyako kwa ajili ya ghala lake, atakupigia mwenyewe. Papa Ferdinand anawaeleza watu mambo ya mchwa kana kwamba amewasomea Ulaya. Kwa kazi yako, mdogo wangu, nakupongeza kwa moyo wangu wote. Umemwokoa Mama asifukiwe na bati, na Mama analijua hilo.

Lakini uliniuliza kwenye simu kichuguu kimekufa lini, nikakujibu kwamba mtandao ni mbaya. Mtandao ulikuwa mzuri. Ulikuwa umeniambia njia ya kujua: unatoboa kidogo, na kama wapo wataziba. Kazi hiyo Mama aliichukua yeye. Kila asubuhi alikuwa anatoboa kwa kidole, mahali pamoja, padogo. Mwanzoni walikuwa wanaziba kabla hajamaliza kufagia uwanja, naye anarudi jikoni anaimba. Baada ya mwaka mpya wakawa hawamalizi kuziba hadi jioni. Halafu ikawa mpaka kesho yake, udongo mchache, umewekwa ovyo, na wanaotokea ni wawili watatu, wakubwa na wazito, wanatembea kama hawajui walichotumwa. Akaacha kuimba. Hakuacha kwenda.

Wiki iliyopita alitoboa, na kesho yake tundu lilikuwa wazi. Akangoja. Likabaki wazi, mvua ikaingia ndani. Nilimwambia sasa basi, Mama, tumeshajua. Akachukua ufagio wake.

Jana asubuhi nilisikia maji yanamiminwa nikadhani anaosha vyombo. Nilipotoka nilimkuta nyuma ya jiko, amekanda udongo kwenye beseni, ameukunja mkono wa gauni. Nilitaka kumsaidia, akaniambia nisimame pale pale nilipo. Aliuchukua udongo mdogo mdogo, akaliziba lile tundu yeye mwenyewe, akalipitishia kiganja mpaka likawa laini, kama walivyokuwa wakifanya wao.

Basi, Jules, hiyo ndiyo nusu niliyokuwa nimebaki nayo.

Mama Mounira na watoto wake wanawasalimu sana, Papa Ferdinand pia, na Kambale, na Fundi Michel ambaye anasema uje na chupa. Mnyanyue mtoto juu kwa niaba yangu, umwambie ana shangazi. Mwambie Chérie kitenge chake kiko tayari, Dieumerci amekibeba, na kama kinabana asinilaumu mimi, nilipimia picha.

Mama amekaa hapa karibu yangu anangoja nimalize. Amesema niandike kwamba hakudai kitu, ila mvua za mwaka huu zisikukute huko, uje na mtoto wako aione nyumba. Na anakuombea hivi: Mungu akulishe hata pale ambapo hakuna mtu aliyepanda.

Mimi dada yako, ambaye sijawahi kuacha kukupenda tangu siku ile ulipolilia kijiko,

Pélagie